Ganzi na vijisindano mikononi: kabla hujameza chochote, angalia kwanza ni kidole gani

#1 fundi_mkasi

Wakuu habari zenu, huu uzi ni mrefu naomba mnivumilie, nimeuandika kwa siku mbili maana mkono wa kulia bado naupeleka taratibu.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa miaka 46, kazi hii nimeianza nikiwa binti mdogo. Mwaka juzi nikaanza kuamka saa tisa usiku mkono umekufa ganzi. Siyo ile ganzi ya kulalia mkono ambayo ukijigeuza dakika mbili imekwisha, hapana, hii vidole vinawaka, vinachoma kama mtu anapitisha sindano ndani kwa ndani, unahisi vimevimba lakini ukiwasha taa unakuta viko vilevile. Nakaa kitandani naukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji, unatulia, nalala, saa kumi na nusu naamka tena. Asubuhi nashika mkasi nakata vitambaa vizito mpaka jioni, usiku ngoma ileile.

Kila niliyemwambia alikuwa na jibu lake. Damu haitembei. Umri huo. Presha. Umekaa sana kwenye feni. Nikaandikiwa vidonge vya vitamini B mchanganyiko nikameza miezi, vikiisha naongeza vingine, nikachomwa na sindano zake, nikapaka kila mafuta niliyoambiwa. Zaidi ya mwaka mzima umepita hivyo, na huo mwaka ndio unaoniuma, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya wote hao aliyeniuliza swali moja tu: ni vidole gani?

Kilichonitisha ni pini. Siku moja naokota pini mezani, naiona ile pale, gumba na kidole cha shahada vimeifikia, nainua mkono nikijua ninayo, kumbe imebaki mezani. Najaribu tena, imebaki. Ilibidi niwe naitazama kwa macho ndiyo niweze kuishika, vidole vyenyewe havinipi taarifa yoyote. Fundi ambaye hahisi pini ni fundi gani tena, nililia siku ile.

Nikaenda kwa daktari mwingine, huyu akachora kiganja kwenye karatasi akanipa kalamu akasema paka rangi pote panapokufa ganzi. Nikamwambia daktari ni mkono wote. Akasema sawa, na kidole kidogo je? Nikanyamaza. Nikakigusa, nikakibinya. Kidole kidogo kilikuwa kizima mda wote na mimi sijawahi kugundua! Akachukua ncha ya karatasi akagusa kidole cha pete, upande unaotazama kidole cha kati sihisi vizuri, upande unaotazama kidole kidogo nahisi kabisa, yani kidole kimoja nusu kimelala nusu kiko macho. Akasema basi, hii ni neva ya mediani, na imebanwa hapa, akagonga kifundo cha mkono kwa ndani, na alivyogonga tu umeme ukapiga mpaka kwenye kidole cha kati.

Alivyonieleza ni hivi. Pale kwenye kifundo kuna handaki dogo, chini na pembeni ni mifupa, juu limefunikwa na utepe mgumu usiovutika. Ndani yake zinapita kano 9 za kukunjia vidole pamoja na hiyo neva moja, wote wamebanana mle. Zile kano na ngozi laini zinazozizunguka zikivimba kidogo tu hakuna pa kutanukia, anayeumia ni neva maana yeye ndiye laini kuliko wote. Usiku inazidi kwa sababu tukilala tunakunja kifundo bila kujijua na handaki linazidi kuwa jembamba, ndiyo maana ukikung'uta mkono inapungua. Kidole kidogo kinapona kwa sababu neva yake haipiti humo kabisa, ina njia yake.

Sasa angalieni mikono yenu. Gumba, shahada, kati na nusu ya pete ni neva ya mediani, mara nyingi kwenye kifundo. Kidole kidogo na nusu nyingine ya pete ni neva ya alna, mara nyingi kwenye kiwiko. Mgongo wa mkono upande wa gumba ni neva ya radiali, hii hata saa ya mkononi au bangili inayobana inaweza kuiudhi. Na kama ni mikono yote miwili vidole vyote kama umevaa glavu, hapo acha kutafuta mkononi, tafuta mwilini, sukari, vitamini, dawa unazotumia, pombe.

Nitarudi kueleza matibabu, mkono umechoka.

#2 mzee_wa_busara_kidogo

Pole sana dada fundi. Lakini mimi naona bado suala la damu lipo, mkono ukiulalia damu inakatika ndiyo ganzi inakuja, hilo hata mtoto anajua.

#3 fundi_mkasi

Mzee wangu shikamoo. Nami niliamini hivyohivyo. Lakini ukiulalia mkono kinachobanwa hasa ni neva, na ile michomo unayoisikia ukijigeuza ni neva inaamka inaanza kupeleka taarifa upya. Damu ikikosekana kweli mkono unakuwa wa baridi, unapauka, hata mapigo kwenye kifundo yanakuwa dhaifu, na hiyo ni dharura ya kukimbia hospitali siyo ya kusubiri kuche. Wapo ambao vidole vinageuka vyeupe kama karatasi wakishika kitu cha baridi, alafu vya buluu, mwisho vyekundu vinawaka, huo ni ugonjwa wa Raynaud, mishipa midogo ya damu inajifunga kupita kiasi. Hapo ndipo damu inahusika. Mimi vidole vyangu vilikuwa vya moto na rangi yake ileile usiku wote.

#4 kijana_wa_mezani

Aisee huu uzi umenikuta, mimi ni kidole kidogo na cha pete, mkono wa kushoto, hasa nikiwa nimelala nachat na simu au nikishinda kwenye kompyuta. Miaka 27 tu. Nilishaanza kuwaza mambo ya moyo maana ni mkono wa kushoto.

#5 fundi_mkasi

Mdogo wangu, nikuulize mawili. Ukiwa unachat kiwiko umekikunja mpaka mwisho? Na mezani unaegemea kiwiko kwenye ubao mgumu?

#6 kijana_wa_mezani

Yote mawili 😳 na nalala mkono nimeuweka chini ya mto.

#7 muuguzi_zamu_ya_usiku

Naomba niingie hapa. Mdogo wangu, pale ndani ya kiwiko kwenye ule mfupa ambao ukijigonga unapigwa shoti, kile unachokigonga siyo mfupa, ni neva ya alna imepita juujuu haina nyama ya kuikinga. Ukikunja kiwiko mda mrefu inavutwa na kubanwa, ukiegemea ndiyo unaisaga. Jaribu kukunja kiwiko mpaka mwisho ukae hivyo kama dakika moja, kidole kidogo kikianza kuchoma umeshapata pa kuanzia. Acha kuegemea, simu ishike mkono ukiwa umenyooka au tumia spika, usiku zungushia taulo kiwiko ulifunge kwa kulegea ili kisikunjike. Wengi wanapata nafuu kwa hayo tu ndani ya wiki chache. Lakini ukiona nyama kati ya gumba na shahada, upande wa mgongo wa mkono, inabonyea, au kidole kidogo kinakaa mbali na wenzake hakirudi, usiendelee na taulo, nenda upimwe.

Kuhusu moyo, ganzi inayokuja ukikunja kiwiko na kuondoka ukikinyoosha haifanani na moyo. Ya moyo mara nyingi inakuja na kifua kubana, jasho la baridi, pumzi kukata, na haijali umekaaje. Hiyo ikija hakuna kusoma uzi, ni kwenda.

#8 mtoto_wa_mwisho

Jamani mimi ni mzazi wangu, baba ana miaka 63. Alianza na nyayo, anasema anakanyaga kama amevaa soksi nene wakati yuko peku, sasa hivi ni mwaka wa tatu na vidole vya mikono yote miwili navyo vimeanza. Anakojoa usiku mara nne tano. Yeye anasema ni uzee.

#9 muuguzi_zamu_ya_usiku

Mpeleke akapime sukari kesho, usingoje wiki ijayo. Neva ndefu kuliko zote ni zile zinazofika kwenye vidole vya miguu ndiyo maana sukari inaanza kuzila huko, ikipanda mpaka karibu na magoti ndipo vidole vya mikono vinaanza, kwaiyo mtu anayeanza miguuni kisha mikononi, pande zote mbili sawasawa, ni sukari mpaka ithibitike siyo. Sukari ya kufunga, yani kabla hajala kitu, ikifika 7.0 (mmol/L) au zaidi, au kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu (HbA1c) kikifika asilimia 6.5 au zaidi, ni kisukari, na kwa kawaida wanarudia kipimo kuhakikisha. Na leo hii kabla ya kipimo mvue viatu umwangalie nyayo vizuri hadi katikati ya vidole, mtu asiyehisi anaweza kuwa na kidonda cha wiki mbili na hana habari.

#10 mtoto_wa_mwisho

Dah. Nimeangalia. Kuna msumari mdogo umetoboa soli ya kiatu chake na ana tundu kwenye unyayo, anasema hajawahi kusikia chochote. Tunaondoka asubuhi.

#11 fundi_mkasi

Mungu amsaidie mzee, tafadhali rudi utuambie.

#12 asiyekata_tamaa

Mimi niko kwenye dozi ya TB mwezi wa tatu, nyayo na vidole vya mikono vimeanza kuchoma. Jirani ameniambia niache dawa kwanza mwili upumzike.

#13 muuguzi_zamu_ya_usiku

Usiache!! Nakuomba. Moja ya dawa za TB, isoniazidi, inaupunguzia mwili vitamini B6 na neva zinalalamika, hili linajulikana miaka mingi na ndiyo maana wagonjwa wengi wanapewa piridoksini, yani hiyo B6, pamoja na dozi, hasa wajawazito, wenye VVU, wenye kisukari, wanywaji pombe na wenye utapiamlo. Nenda kliniki yako wakati bado unameza, waambie vidole vinachoma, wakupe au wakuongezee. Ukikatisha dozi unajitengenezea TB sugu na ganzi haitakuwa tena tatizo lako kubwa.

Na kwa wengine wote wanaosoma hapa wakasema basi ngoja ninunue B6 nyingi, sikilizeni. B6 ikizidi kwa mda mrefu NAYO inatia ganzi mikono na miguu. Vitamini ileile. Ulaya mamlaka yao ya usalama wa chakula mwaka 2023 ilishusha kiwango cha juu kwa mtu mzima kutoka miligramu 25 hadi 12 kwa siku, na kuna vidonge vya mchanganyiko vina miligramu 100 au 200 kwa kidonge kimoja. Nimeshaona mtu anameza viwili kwa siku mwaka mzima kwa ajili ya ganzi, ganzi inaongezeka, anaongeza kidonge. Dada fundi soma nyuma ya kile kikopo chako.

#14 fundi_mkasi

Nimekwenda kukitafuta kabatini. Miligramu 200. Nilikuwa nameza kimoja asubuhi kimoja jioni. Sina la kusema hapa.

#15 mama_wa_wawili

Na B12 je? Mimi niliambiwa nina upungufu, nilikuwa na ganzi mikono yote, ulimi unauma umekuwa mwekundu laini, nikitembea gizani nayumba.

#16 muuguzi_zamu_ya_usiku

B12 ni kesi nyingine na hiyo ikikosekana kweli lazima irudishwe haraka. Inatoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, ini linaweka akiba ya miaka, kwaiyo mtu anaacha vyote hivyo leo, dalili anazipata miaka kadhaa mbele hata hakumbuki. Wengine wanakula vizuri tu ila tumbo haliifyonzi, au wamekatwa sehemu ya tumbo, au wanatumia metformini ya kisukari miaka mingi. Hilo la metformini lishikeni, mgonjwa wa kisukari anakufa ganzi kila mtu anasema sukari hiyo, kumbe ni B12, na inapimwa kwenye damu. Na usimeze foliki asidi peke yake ukadhani umemaliza, damu itapanda vizuri huku neva zinaendelea kuharibika kimyakimya.

Niongeze la ukoma maana watu wanadhani umekwisha duniani. Ukiwa na baka kwenye ngozi limepauka au jekundu na ukiligusa huhisi, na mkono kidole kidogo kimekufa ganzi kimeanza kujikunja, papasa ile neva ya kiwiko, kama imekuwa nene kama kamba waambie hivyo hospitali. Unatibika kwa miezi 6 au 12 na dawa zinatolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 1995. Kinachochelewesha watu ni aibu, na neva haisubiri aibu iishe.

#17 mjamzito_miezi_7

Mimi ni zile za dada fundi kabisa, gumba mpaka cha kati, mikono yote, usiku silali. Je mtoto ana shida?

#18 fundi_mkasi

Hongera mdogo wangu na pole. Mtoto hahusiki, ni maji ya ujauzito yanajaa mpaka kwenye lile handaki. Mara nyingi huisha yenyewe baada ya kujifungua. Omba gango la kuvaa usiku, lile linaloshika kifundo kikae kimenyooka. Usifunge bandeji ya kukaza jamani, mimi nilifunga, unazidi kubana palepale pameshabanwa. Ila mkono na uso vikivimba ghafla na kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, hiyo ni presha ya ujauzito, nenda siku hiyohiyo.

#19 dereva_wa_masafa

Mimi gumba na shahada tu, ila inaanzia begani inashuka kama waya wa umeme nikigeuza shingo kuangalia kioo cha pembeni. Nikiweka mkono juu ya kichwa inapungua, sijui kwanini.

#20 muuguzi_zamu_ya_usiku

Kaka hiyo inaelekea ni shingo. Neva inayotoka kati ya pingili za shingo imebanwa na diski au mfupa, na ukiweka mkono juu ya kichwa unailegeza ndiyo maana unapata nafuu. Vidole vinafanana na vya dada fundi lakini yeye akigeuza shingo haina athari, wewe ndiyo inakuja. Wengi hupona bila kisu. Lakini ukiona mikono yote miwili imekuwa mizembe, vifungo vya shati vinakushinda, miguu mizito unajikwaa, au mkojo umebadilika, hapo ni uti wa mgongo wenyewe unabanwa, usiendeshe tena, nenda ukapigwe picha ya shingo.

Na dharura nyingine niziweke palepale. Ganzi iliyoingia GHAFLA upande mmoja, mkono pamoja na uso au mguu, mdomo umeenda upande, maneno hayatoki, hicho ni kiharusi hata kama kimeisha baada ya dakika kumi. Michomo ya miguu na mikono inayopanda ndani ya siku chache huku nguvu zinaisha, hasa wiki moja au mbili baada ya kuharisha au mafua, inaweza kuwa ugonjwa wa Guillain-Barré, unafika mpaka kwenye misuli ya kupumulia. Hizi mbili hazingoji asubuhi.

#21 hofu_ya_usiku

Mimi ni mikono yote na kuzunguka mdomo, moyo unaenda mbio, nahisi nakufa, baada ya nusu saa imeisha. Nimepimwa moyo mara tatu mzima.

#22 muuguzi_zamu_ya_usiku

Pole. Ukiingiwa na hofu unapumua haraka bila kujua, hewa ukaa kwenye damu inashuka, kalsiamu inayofanya kazi nayo inashuka kidogo, neva zinakuwa na papara, mdomo na vidole vinachoma, ni michomo ya kweli kabisa siyo ya kujifanya. Pumua polepole, toa pumzi ndefu kuliko unayoivuta. Ila waombe wakupimie na kalsiamu mara moja, hasa kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo.

#23 mtoto_wa_mwisho

Marejesho. Sukari ya baba imesoma 14.2 asubuhi hajala kitu. Kidonda kimesafishwa, amechomwa ya pepopunda, amelazwa. Daktari amesema mguu upo salama. Vile viatu nimevichoma moto.

#24 fundi_mkasi

Alhamdulillah, nimefurahi mpaka basi.

Nimalizie yangu nilivyoahidi. Kwanza yule daktari wangu alinipimia sukari na tezi ya thairoidi maana zote zinaweza kujaza hilo handaki, ziko sawa. Akaniambia nigandamize migongo ya viganja vifundo vikiwa vimekunjwa kwa sekunde 60, kipimo cha Phalen, hata 20 sikufika. Kile kipimo cha umeme wa neva kikaonyesha mkono wa kulia umebanwa sana na wa kushoto kiasi. Alafu akaniambia nilaze mikono yote nitazame kile kinofu chini ya gumba, cha kushoto kimetuna, cha kulia kimebonyea kama tunda lililoanza kusinyaa. Nimeishi na mkono huo kila siku na sikukiona.

Akasema ningekuja mapema gango la usiku kwa wiki sita au sindano moja ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ingeweza kunitosha, ila msuli ukishaanza kuisha anashauri kukata ule utepe. Wa kushoto unatumia gango mpaka leo na umetulia. Wa kulia nimepasuliwa wiki ya kumi na moja sasa, walichoma ganzi mkono tu nikawa macho naongea nao, haikufika nusu saa. Usiku wa kwanza tu nililala mpaka asubuhi, kile kidonda kiliniuma lakini vidole vilinyamaza.

Aliyeniuliza inbox kama nguvu imerudi yote, bado. Neva inakua kama milimita moja kwa siku, hesabuni wenyewe kutoka kifundoni mpaka nchani. Mkasi mkubwa bado namwachia msaidizi. Gumba na shahada zimeamka, juzi nimeokota pini bila kuangalia, nikaiokota tena na tena kama mara kumi pale mezani. Ncha ya kidole cha kati bado imelala. Kile kikopo cha vitamini nimekwenda nacho kliniki, daktari amesoma nyuma akaniambia niache, akaandika kwenye faili.

@asiyekata_tamaa ulienda kliniki?

#25 asiyekata_tamaa

Nimeenda. Wamenipa piridoksini, dozi naendelea.